Saa Zote ni za Kazi

Mume wangu,

Mtoto nimemwacha kwa jirani, maziwa yake yako kwenye chupa. Binti yetu anatoka shule saa saba, usimsahau. ~~Nimeenda sokoni.~~ La, sikufichi: nimeenda zahanati. Nilikuwa nachora ramani ya nyumba ya mteja, moyo ukaanza kunienda mbio, vidole vikafa ganzi. Bosi aliposema, "Jipangieni saa zenu wenyewe," nilishangilia. Kumbe nikajipangia zote, ili niwapite wenzangu. Asubuhi binti yetu aliniuliza, "Mama, kazini unatoka saa ngapi?" Nami kazi naifanyia hapa hapa nyumbani, mezani! Nikamfokea, akaondoka akilia. Mbembeleze. Kisha njooni wote. Naogopa kusikia jibu la daktari peke yangu.

Mama Watoto