Mir Anabaki na Nani

Jumatatu, 4 Machi 2019

Basi imekuwa. Baba Sol amerudi mapema kutoka kiwandani, kavua viatu mlangoni, hakuketi. Kasema wakubwa wamemwita Korea, mkataba wa kiwanda cha nyuzi umefika mwisho. Ndege ni tarehe nane Aprili. Wiki tano!

Miaka minne nimekuwa nikiulalamikia mji huu. Vumbi la Tashkent, mafuta ya kondoo kwenye kila sufuria, maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika. Miaka minne nimekuwa nikiuliza, lini tutarudi kwetu? Leo nimejibiwa. Nikaenda jikoni, nikafungua bomba hadi mwisho ili wasinisikie.

Sol aliuliza jambo moja tu.

"Na Mir?"

Baba yake akamwambia akanawe mikono, chakula kiko tayari. Hakikuwa tayari.

Jumatano, 6 Machi

Simu ya mama mkwe. Furaha tupu. Tayari ameshampatia Sol shule jirani na kwake, hatua chache tu. Ameanza hata kukausha samaki kwa ajili yetu.

Nikajikaza nikamwambia — mama, nataka kumchukua Mir. Mwaka umepita, naambiwa kibali kinawezekana.

Nilidhani mtandao umekatika.

"Mama Sol," akasema, "mtoto aliyewatangulia wazazi wake hawekewi kaburi. Unajua."

Najua. Mlima wa ukoo una makaburi ya vizazi tisa na hakuna hata moja la mtoto. Nikasema siku hizi mambo yamebadilika, mama.

"Wazee wa ukoo hawajabadilika. Ukimleta, atachomwa, jivu litapelekwa mtoni. Ndivyo alivyofanywa wangu."

Wangu! Miaka kumi na mmoja nimeolewa, sijawahi kusikia. Msichana, miezi minane, kabla ya Baba Sol kuzaliwa. Baba mkwe ndiye aliyekwenda mtoni. Mama mwenyewe aliachwa nyumbani akimenya vitunguu, wasije majirani wakauliza.

"Mto gani, mama?"

"Sikuuliza," akasema. "Na wewe usiniulize tena." Akakata.

Ijumaa, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Kila mwanamke barabarani ana maua, hata yule anayefagia. Sol kaniletea moja la karatasi kutoka shuleni, limeandikwa kwa Kirusi. Nimeshindwa kulisoma lote. Nikatabasamu.

Nilikwenda Kuylyuk, sokoni, kwa Bibi Klara. Nimemkuta nyuma ya milima yake ya karoti zilizokatwa nyembamba kama uzi, pilipili, kitunguu saumu, siki. Ndiyo kimchi ya Wakorea wa huku, ile kachumbari yetu ya kabichi, maana mababu zao walipotupwa huku hakukuwa na kabichi. Mara ya kwanza nilipoionja nilicheka — karoti! Siku hizi nikiikosa wiki moja nahisi kama nimekosa chumvi.

Ana miaka sabini na minane. Kikorea chake ni cha kale mno, nusu yake niliisikia mara ya mwisho kwa bibi yangu mzaa mama. Ndiye aliyenishika mkono Januari ya mwaka jana, nilipotoka hospitali na blanketi tupu. Homa ya mapafu, siku tatu. Mir alikuwa na siku tisini na nne. Unga wa keki za wali za sherehe ya siku yake ya mia nilikuwa nimeshaulowesha. Mimi mwenyewe nilikuwa na homa, Baba Sol amesimama kama mti uliopigwa radi, na hao jamaa wa ofisi za kusafirisha maiti wanasema rudi kesho, rudi kesho. Bibi Klara akasema, mtoto hasubiri mihuri, mleteni kwetu. Akazikwa kwenye makaburi ya Wakorea wa huku, nje ya mji, kwenye lililokuwa shamba la ushirika la baba yake Bibi Klara.

Leo nimemwambia tunaondoka. Hakusimamisha kisu.

"Wangu yuko kwenu, wako yuko kwetu," akasema. "Dunia imerukwa na akili."

Mwanawe Valera yuko Ansan, Korea, kiwanda cha plastiki. Zamani alipiga simu kila Jumapili. Tangu vuli hajapiga.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Makasha kumi na mawili ukumbini. Nimekunja nguo za Mir, nikazitia kashani, nikazitoa, nikazitia. Baba Sol kapita, kaona, kaingia bafuni.

Alhamisi, 21 Machi

Navruz, mwaka mpya wa huku. Mtaa mzima unanukia ngano. Jirani wa ghorofa ya chini, Mavluda-opa, kaleta bakuli la sumalak, ule uji mtamu mweusi wanaoukoroga mchana kutwa kwa zamu. Ndani mna vijiwe, ukikuta kimoja unaomba jambo. Sol kakuta kimoja. Kafumba macho muda mrefu.

Huku bakuli la jirani halirudishwi tupu. Na kwetu ni hivyohivyo! Nimelirudisha na keki za wali. Mavluda-opa kanikumbatia, kasema kwa Kirusi cha polepole ili nielewe: "Unatuachia nani wa kutuletea hizi?" Kisha akakumbuka nani tunamwacha, akaziba mdomo.

Jioni tumegombana. Nasema jioni, lakini tulianza asubuhi, kwa kimya.

Nimemwambia Baba Sol, wewe hata kaburini huendi. Mara mbili tu tangu azikwe!

"Nikienda atafufuka?"

"Nitamchukua mwanangu. Siwezi kumwacha kwenye nchi ya watu."

"Umchukue umpeleke wapi?" Sauti yake haikupanda, ndiyo maana iliniuma. "Kule mlimani hawamtaki. Umesikia mwenyewe. Kule atakuwa moshi na maji. Hapa ana jina juu ya jiwe. Hapa kuna udongo ambao mtu anaweza kuugusa."

"Wewe unautaka mlima au unamtaka mwanao?"

Akainuka akaenda kutupa takataka. Pipa lilikuwa tupu, nililimwaga mchana. Alikaa nje saa nzima.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwambia habari za dada yake. Niliona lazima ajue. Alikuwa anakata kucha za Sol. Akamaliza kidole, akamaliza kingine. Kisha akasema, "Ndiyo maana mama hali samaki wa mtoni."

Basi. Akaendelea na kidole kinachofuata.

Jumamosi, 30 Machi

Sol hataki kuongea Kikorea. Tangu Jumatano! Namwita, ananijibu kwa Kirusi. Namwambia bibi yako hatakuelewa. Ananijibu kwa Kirusi. Leo nimemfokea, akasema — safari hii kwa Kikorea kilichonyooka — "Nikikisahau Kirusi nitaongea naye vipi? Yeye ni mtoto wa huku."

Mir hakuwahi kusema hata neno moja kwa lugha yoyote. Miezi mitatu! Lakini Sol ana miaka saba, na alikuwa akimwimbia nyimbo za chekechea, zote za Kirusi. Kweli, ukihesabu, alisikia Kirusi zaidi kuliko Kikorea. Na hata jina lake. Sisi tulimwita Mir kwa neno letu la kale, joka. Bibi Klara alipolisikia mara ya kwanza alisema, "Umemwita Amani! Vizuri." Kwa Kirusi ndivyo linavyomaanisha. Wachonga jiwe nao walielewa hivyo, wakachora njiwa. Niliudhika sana na yule njiwa. Sasa nikifumba macho namwona njiwa kabla sijamwona mtoto.

Jioni Baba Sol kaniwekea bahasha mezani. Kibali cha kufukua. Kumbe amekuwa akikihangaikia tangu ule ugomvi, ofisi baada ya ofisi, na kamusi mkononi. Inabaki sahihi ya mama. Wachimbaji ni Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, wakipata jibu kabla.

"Ukitaka tumchukue, tutamchukua," akasema. "Nitamshika mimi kwenye ndege."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Sasa sina wa kupigana naye.

Jumanne, 2 Aprili

Bibi Klara kaja na ndoo ya karoti, eti za safari. Nani anapanda ndege na ndoo! Tumecheka. Nimemwonyesha ile karatasi. Kavaa miwani, kasoma mpaka muhuri, kaivua miwani.

Hajawahi kunisimulia habari za treni. Leo kasimulia, huku anaendelea kumenya tangawizi zangu bila kuombwa.

Mwaka wa thelathini na saba Wakorea walipotolewa mashariki ya Urusi, yeye hajazaliwa. Mama yake alipanda behewa la mizigo na watoto watatu. Wiki tano njiani. Surua ikaingia behewani. Treni ikisimama, watu wanashuka haraka, wanachimba kwa vijiko na vifuniko vya sufuria, king'ora kinalia, wanarudi mbio. Mama yake alizika wawili hivyo, vituo viwili tofauti. Hakujua kusoma Kirusi. Hakujua vituo vinaitwaje.

"Kila tarehe tano Aprili watu walikwenda makaburini na chakula," akasema. "Mama alikwenda relini. Anaweka vijiko viwili kwenye kokoto, anakaa. Treni zikipita anaviokota, zikishapita anaviweka. Walinzi walimwona kichaa."

Nikamwuliza, basi unaniambia nimwache au nimchukue?

"Mimi sikuambii kitu, mwanangu. Nakusimulia tu." Kisha kwenye ngazi akageuka. "Ukifika Ansan, nitafutie Valera. Mwambie simdai chochote. Apige tu, hata akiwa kalewa."

Nimeandika anwani ya mwisho ya Valera nyuma ya pasipoti yangu, kwa kalamu ya risasi.

Ijumaa, 5 Aprili

Naandika nikiwa ndani ya gari, makaburini, mlango wazi. Sijui nitaandika mpaka wapi.

Hansik, siku ya kuwazuru wafu. Wakorea wote wa huku wako hapa, magari yamepangana hadi barabara kuu. Wanafagia, wanapaka rangi vyuma vya uzio, wanatandaza chakula juu ya magazeti — kuku mzima, mayai, keki za wali, vodka. Wanainama mara tatu, kisha wanakaa wanakula na wafu wao, wanacheka, wanagombana kuhusu bei ya nyama. Kwetu siku hii karibu imesahauliwa. Mimi mwenyewe Korea sikuwahi kuiadhimisha tangu nitoke kwa wazazi wangu.

Baba Sol kafagia kaburi la Mir kwa mikono. Kisha kafuta jiwe kwa shati lake la kazi. Kapiga magoti — baba kwa mwana, kwetu haifanywi, mkubwa hamwinamii mdogo. Kapiga tu. Bibi mmoja wa kaburi la jirani akageuza uso ampe nafasi.

Sol kalala kifudifudi kwenye nyasi, mdomo karibu na udongo, anaongea. Kirusi. Haraka mno kwangu. Mlinzi wa makaburi, Ergash-aka, alikuwa anapita na toroli. Kasimama, kasikiliza, kacheka, kisha kavua kofia. Nimemwuliza Baba Sol, anasema nini? Akasema na yeye ameelewa nusu. Anamweleza njia ya kwenda sokoni.

Bibi Klara alifika na basi, na viti viwili vya kukunja. Kaburi la mumewe liko safu ya saba. Nikamwuliza mbona viti umeviweka huku? Akanyoosha mkono pembeni ya Mir, mahali penye vigingi vinne na kamba.

"Pangu," akasema. "Nimewaambia wabadilishe."

"Na babu?"

"Babu yako nimelala naye miaka arobaini na mbili, anakoroma. Amenitosha."

Nilicheka. Wallahi nilicheka, na kicheko kikageuka katikati, kikanishinda. Akaniacha. Alimenya yai, akalipasua vipande vinne, akaweka kipande kimoja juu ya jiwe, chini ya njiwa.

Sasa Ergash-aka karudi. Anataka jibu la kesho, wachimbaji wanatoka mbali, anasema, mama aamue tu, hakuna lawama. Baba Sol kanipa karatasi. Kanifungulia na kalamu. Haniangalii.

Karatasi iko gotini, chini ya daftari hili. Upepo unaipeperusha pembe.

Bibi Klara kaja kukaa kwenye kiti cha mbele, miguu nje. Nimeona midomo yangu inasema, na siyo neno nililokuwa nimelipanga. Ninamwambia, bibi, Mir jua la asubuhi machoni halipendi. Hapana, jioni hana neno. Akiamka ghafla usiwashe taa, mwite kwanza. Na akilia, mbebe bega la kushoto, la kulia hataki, sijui kwa nini, ndivyo alivyo.

Anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kalitoa gazeti la mayai, ananiomba ile kalamu ya sahihi aandike.

"Bega la kushoto," anasema. "Endelea."