Sabini na Tano ya Doto

Sapiwi, Bariadi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na baridi ya huko Njombe haimsumbui sana baba kwenye goti. Huku jua linatuchoma, lakini tu wazima, mimi, Masanja na wajukuu zako wawili. Kwenye simu mtandao unakatika kila nikianza kueleza, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Majina ya watoto hatukuchagua. Usukumani pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, mjadala umefungwa. Kulwa alizaliwa na kilo tatu, Doto kilo mbili. Juzi, wakiwa na miezi miwili, tuliwapeleka kliniki: Kulwa kilo nne na nusu, Doto tatu na nusu.

Nilirudi nimenyong'onyea. Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Mayu, alikuwa akisema tangu mwanzo kwamba Doto hakui. Sasa akapata ushahidi.

"Alizaliwa nyuma kilo moja, bado yuko nyuma kilo moja," alisema. "Mtoto amesimama! Kesho anaanza uji."

Unga wa mtama alishasaga. Nesi ametukataza, maziwa tu mpaka miezi sita, lakini nani ambishie Mayu aliyelea watoto tisa? Nilimtazama Doto nikalia. Niliuogopa huo uji, na niliogopa pia kwamba huenda Mayu anasema kweli.

Ndipo nikakumbuka mlango wako wa jiko. Ulikuwa unatuchorea alama za mkaa juu ya vichwa, mimi na dada Rehema, na nilipolia kwamba simfikii ukaniambia nimwache dada, nitazame alama yangu ya zamani. Nikafanya hivyo kwa Doto. Ameongeza kilo moja na nusu juu ya mbili alizoanza nazo, yaani asilimia sabini na tano. Kulwa naye ameongeza kilo moja na nusu, ila juu ya tatu, kwa hiyo ni asilimia hamsini. Nilirudia hesabu, sikuamini.

Mayu habari za asilimia hana, basi nikamtajia mbuzi.

"Mtu ana mbuzi wawili, akaongeza mmoja. Jirani yake ana wanne, naye akaongeza mmoja. Zizi la nani limekua zaidi?"

"La huyo wa wawili," akajibu upesi. "Amepata nusu ya zizi lake. Mwenzake robo tu."

Hapo hapo akamnyanyua Doto, akambonyeza mapaja. "Kumbe wewe unakimbia kimyakimya!"

Uji ulipikwa hata hivyo. Aliniletea mimi bakuli zima, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. "Kunywa. Wewe ndiye chakula chao." Leo asubuhi nimemsikia akimsalimia jirani kwa Kisukuma na kumtambia, "Mwangaluka! Umemwona Sabini na Tano wangu?" Jirani akauliza sabini na tano ya nini. "Kamuulize mama yake," akajibu. Nilicheka mpaka Kulwa akaachia ziwa.

Nimechoka, Mama, usingizi sijui umehamia wapi, ila nina furaha.

Msalimie baba, dada Rehema na shemeji, na shangazi aliyenisuka siku ya harusi. Masanja anakuamkia, na Mayu anauliza utakuja lini.

Baba akipaka rangi nyumba, mlango wa jiko auache. Nikija nitamsimamisha Doto kwenye alama yangu ya kwanza kabisa, ile ya chini. Sasa najua ulikuwa na moyo gani ulipoichora.

Binti yako,
Neema