Umi Kapungua

Salome, uko wapi? Nimetoka kwa Umi sasa hivi.

Si unajua tangu daktari amwambie unene umemletea sukari, kila asubuhi anatembea, soda na maandazi kaacha. Kilo kumi na moja zimetoka. Leo mama yake kaja kutoka Kilangala. Kumwona tu mlangoni, akaangua kilio. Kilio cha msiba, Salome, majirani wakajaa uani.

"Mwanangu kakondeana. Watasema mume hamlishi. Watasema ana ule ugonjwa."

Mume kainamisha kichwa, kisha eti, "Hata mimi wananiuliza." Hata mimi. Yule yule aliyemnunulia raba za kutembelea.

Basi mama kaketi jikoni mwenyewe, kapika wali wa nazi, kakaanga na chapati. Akamlisha Umi tonge kwa tonge, kama mwari. Umi anakula, machozi yanamtoka, anakula.

Sahani ilipokwisha, mama akachukua magongo yake, akainuka kwa mguu mmoja. Ule mwingine ulikatwa mwaka jana kwa sukari hiyo hiyo.

Akamtazama Umi, akatabasamu. "Haya. Sasa utafanana na mimi tena."