Jirani Anampeleka Mtoto Chuo Nilichokisifia Mimi

Basi mshauri wangu, pale simu ilipokatika juzi hewani, kwenye kipindi chako cha redio, nilikuwa ndiyo nimefika kwenye habari ya hospitali, ya benchi, nikawaacha wasikilizaji midomo wazi, na tangu siku hiyo wateja wananiuliza, "Eti yule mama wa redioni mwenye sauti kama yako, aliona nini hospitali?" nami najibu sijui, labda mgonjwa, huku naharibu msuko wa watu, ndiyo maana leo nimeona bora niandike, mwandiko utanisamehe, shule mimi niliiacha pale walipoanza kuchanganya hesabu na herufi, na msaada wako nauomba kabla ya Ijumaa, baada ya hapo hautanifaa.

Nirudi nyuma kidogo ili asiyenisikia naye apate. Mimi ni msusi. Nasukia sebuleni kwangu, mteja anakaa chini kwenye mto, kichwa kati ya magoti yangu, na mtu ukishamsuka nusu hana pa kukimbilia, hata umwambie nini atakusikiliza mpaka mwisho. Dirisha langu linatazama mjini, na katikati ya mji ndiyo kimesimama kile chuo, ghorofa refu la vioo tupu, sisi huku tunakiita Chuo cha Vioo, jua la jioni likikipiga lazima ufumbe macho.

Sasa wewe msomi, unajua kwa nini chuo kimoja watu wanakigombania kama maji ya bomba na kingine hata wakiitwa hawaendi? Mimi najua, maana wazazi wote nimewasikia hapa magotini. Kwanza kipo mjini, stendi mlangoni, unakwenda kumwona mtoto na unarudi kabla sufuria haijaungua. Halafu kina lifti. Usicheke, mshauri, kuna mama alinisimulia ile lifti tangu nilipomchana mpaka namaliza kisogo. Walinzi wamevaa tai, mahafali yao yanaonyeshwa kwenye televisheni, watoto wakirudi likizo wanaongea kwa pua, na wakija wageni kumuulizia binti, "Anasoma wapi?" wewe huna haja ya kujibu, unanyoosha kitana dirishani tu, "Pale," unawaona wageni wanakaa sawa kwenye viti. Kingine ni kwamba mtoto wa fulani yupo, na wa fulani yupo, sasa wewe wako umpeleke wapi peke yake, porini?

Na kazi wanapata, usifikiri ni vioo tu. Mtoto wa mama mmoja muuza maji alisoma pale akapata ukarani ofisi ya bima, mama yake aliniambia kwa kinywa chake, nami nikawapa wateja wangu, habari njema haifungiwi kabatini. Haukupita mwezi nikaenda buchani, muuza nyama ananiambia, "Msusi, wewe umelala? Kuna kijana mwingine wa Vioo, huyu sasa ni meneja kabisa, mambo ya bima, na mama yake naye anauza maji vilevile!" Nikasema Mungu mkubwa, wawili! Wauza maji wameamkia upande gani? Nikarudi nyumbani mbio, nikamwambia binti yangu, ya ualimu wa chekechea uyaache, wewe unakwenda Vioo kusoma biashara. Akasema, "Mama, mimi napenda watoto." Nikamwambia watoto utazaa wako.

Akaenda. Mtaa mzima nikautangazia, mpaka wakaanza kumwita Mheshimiwa. Akipita kwa muuza vocha, "Mheshimiwa, shikamoo," watu wazima wanampa shikamoo ya utani, yeye anainamisha kichwa, mimi nadhani ni adabu.

Mwaka wa pili huu. Sasa mwezi uliopita magoti yangu yakaniuma nikaenda hospitali kubwa, nimepanga foleni na wagonjwa wengine, nageuka hivi, namwona mwanangu yuko benchi la nyuma kabisa, ile blauzi yake ya chuo, mkoba mapajani, katulia kama anayesubiri kuitwa. Mshauri, moyo ulishuka mpaka kwenye ndala. Nikamfuata nikamwuliza, na mimi kupunguza sauti sijui, "Mimba ya nani?" Benchi zima likageuka, hata mzee mmoja aliyekuwa anakohoa akaacha kukohoa.

Akasema, "Sina mimba, mama. Wala siumwi. Nakaa tu."

"Unakaa tu hospitali?"

"Hapa hakuna anayekuuliza umekaa kwa nini."

Ndipo akaniambia. Kumbe ana miezi haingii darasani. Anasema wako wengi mno, ukumbi ulijaa siku ya kwanza, wao wa nyuma wakapelekwa ukumbi wa pili, huko mwalimu wanamwona kwenye televisheni. "Ukinyoosha mkono, mama, televisheni haikuoni." Hakuelewa, akafeli, akaambiwa arudie, akafeli tena, nikamwuliza mbona hukuniambia, akasema, "Ningekwambiaje, na mtaa mzima unaniita Mheshimiwa?" Halafu akanishika kiganja, mkono wa baridi, akasema, "Usimwambie mtu, mama. Nakujua. Hili moja tu."

Nikaapa. Na mimi, mshauri, ambaye nimetoa siri za ndoa za watu wenye magari, hii nimeimeza, inaniwasha koo. Asubuhi anavaa, anachukua mkoba, nami natoka mlangoni naita kwa sauti majirani wasikie, "Soma kwa bidii, Mheshimiwa!" naye anaitikia, "Abee, mama," anakwenda kukaa benchi lake. Jumapili analala kutwa kaelekea ukutani, chakula anakigusagusa, ukimwita anaitika kama yuko nyumba ya tatu. Wateja nawachekesha kama kawaida. Nikibaki peke yangu na vile vioo dirishani, kicheko sijui kinakwenda wapi.

Ningekufa nalo, haki ya Mungu, isingekuwa Fundi. Fundi ni jirani yangu wa pua na mdomo, mwanamke mwenzangu, anashona nguo, analea mtoto wa marehemu dada yake, binti mmoja mpole tunamwita Daktari wa Kuku, maana tangu mdogo kuku wa mtaa wakiumwa anakwenda nao chumbani. Binti kapata nafasi mbili. Moja Vioo, biashara, kama wangu. Nyingine chuo cha mifugo, huko nje kabisa, ukishuka kwenye basi bado unatembea, majengo ya bati, harufu ya ng'ombe inakupokea kabla ya mlinzi. Ijumaa ndiyo mwisho wa kujibu anakwenda kipi. Binti ukimtajia ng'ombe anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana, ukimtajia Vioo anasema, "Sawa, mama mdogo."

Lakini Fundi hasikii. "Nimtoe kwenye kuku nimpeleke kwenye ng'ombe? Shoga yangu, huko si kusoma, ni kuhama banda! Wako yuko Vioo, na wangu atakuwa Vioo, watashikana mikono."

Watashikana mikono wapi, mshauri? Benchini?

Nikajaribu, nisiseme sikujaribu. Nikamwambia, lakini Fundi, hata huko mbali si kubaya, mtoto mwenyewe anapenda wanyama. Akaisimamisha cherehani, akanitazama juu ya miwani. "Ahaa. Kumbe. Wako apande lifti, wangu akanyage mavi."

Nikisema zaidi, nina wivu. Nikisema sababu, nimemwuza mwanangu, na vile alivyo sasa hivi naogopa, mshauri, naogopa kitu ambacho hata kukiandika mkono unakataa. Na nikikaa kimya, yule mtoto mpole anaingia ukumbi wa pili kwa sifa zangu mimi, na hana hata mama wa kumkuta hospitali. Sasa wewe niambie, mdomo huu niufungue au niu

Ngoja kuna mtu. Ni Fundi huyo, anapiga mlango kama askari, "Wee Msusi! Acha kujificha, toka, nimekuletea kichwa cha msomi, umsuke ya kwendea chuo!" na binti yuko nyuma yake namwona dirishani kashika rasta za kusukia mkononi. Kalamu naiweka hap


JIBU LA MSHAURI

Mama Msusi,

Pole kwa mwanao. Pole hiyo inatoka moyoni, ishike, maana yanayofuata ni ya kukugombeza, na Ijumaa hainipi nafasi ya kukubembeleza.

Tuanze na wale mameneja wako. Karani wa bima ambaye mama yake anauza maji, na meneja wa bima ambaye mama yake anauza maji, ni mtu mmoja. Ulimtoa kwako karani, akapita vichwa kadhaa, akafika buchani meneja, ukampokea kama mgeni. Yaani ulimpeleka mwanao chuo kwa ushahidi wako mwenyewe uliokurudia umevaa koti. Usijione uko peke yako. Vyuo vingi vinapata sifa hivyohivyo: mzazi anasikia kwa mzazi, aliyesema hajaingia, aliyesikia hajauliza, na jengo linaonekana kutoka barabarani. Sisemi Vioo ni kibaya. Kiko karibu, na wapo wanaosoma wakafika. Ila wewe ulikisifia mlango, mama. Darasa hukuliona.

Sasa mwanao. Umesema ulimkuta hospitali na akakwambia haumwi, ukamwamini. Mtu ambaye kila siku anakwenda mwenyewe kukaa kwenye foleni ya wagonjwa, hali chakula, anageukia ukuta, anaitika kutoka mbali, huyo anaumwa. Ulimkuta hatua chache tu kutoka mlango wa daktari, ukamrudisha nyumbani. Kesho asubuhi mrudishe, uende naye, aandikishwe, na daktari umwambie kile ambacho mkono wako ulikataa kuniandikia. Kitaje wazi. Na mpaka hapo usimwache peke yake. Chuo baadaye. Akipata nguvu nendeni wawili kwa mlezi wa wanafunzi, muombe aahirishe masomo kabla hawajamwondoa. Habari ya chekechea ataianzisha yeye akitaka. Wewe usiianzishe.

Na ile "Soma kwa bidii, Mheshimiwa" ya asubuhi, ikome leo. Leo, mama. Unajua anakokwenda na bado unampigia kelele ili majirani wafurahi. Kati ya yote uliyoniandikia, hilo ndilo lililonifanya niiweke barua chini.

Unaniuliza ufungue mdomo au uufunge. Umechanganya vitu viwili. Kufeli kwa mwanao ni siri yake, umeapa, kaa nayo. Lakini uongo ulioueneza ni mali yako, na mali yako unaweza kuitoa bila kumwomba mtu. Nenda kwa Fundi umwambie hivi: "Chuo nilichokusifia sijawahi kuvuka geti lake. Wale vijana wawili wenye kazi ni mmoja, na meneja nimemtengeneza mimi." Basi. Jina la mwanao lisitoke. Fundi atasema una wivu. Mwache aseme, wivu wa kusingiziwa haujamuua mtu. Kisha mwambie Alhamisi amchukue binti waende Vioo, si kutazama lifti, waulize darasa la biashara la mwaka wa kwanza liko wapi, wakae nyuma kabisa, wasikilize kipindi kizima. Wakitoka, amuulize binti anataka nini, na safari hii "Sawa, mama mdogo" asiikubali kuwa ni jibu. Ukiweza waambie pia wapige simu kule kwa ng'ombe, waulize darasani wako wangapi.

Kama siku ile barua ilipokatika ulimsuka yule mtoto mpaka mwisho ukamsifia anavyopendeza, umekosea, lakini Ijumaa haijafika.

Jambo la mwisho. Majibu haya nayatuma kwako leo Jumanne kwa simu. Hewani hayasomwi mpaka mwanao ayaone na kukubali mwenyewe, na asikubali kwa sababu wewe umesimama mlangoni. Akikataa, yatabaki mezani kwangu, na wewe kwa mara ya kwanza utakuwa umetunza kitu cha mtu. Hilo la redio ni lake kuamua. La Fundi halisubiri ruhusa ya yeyote. Ni nyumba ya pili tu. Vaa ndala uende.