Mabua ya Mpunga Hayakumuua Mama Yako

Kijiji cha Na Kham,
Sakon Nakhon.
14 Novemba 2024

Mpendwa mpwa wangu Wilai,

Kuvu iliyoingia kwenye mapafu ya mama yako haikutoka kwenye mabua ya mpunga ya mdogo wako Buaphan. Ilitoka kwenye chupa yangu. Nimelificha jambo hili kwa karibu miaka miwili, na nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza kukujulia hali nitajificha humo humo, nijaze kurasa mbili, nitie sahihi.

Sasa nikusalimu. Hujambo, mwanangu? Mumeo hajambo, na yule mjukuu wangu mwenye nywele za rangi ya mahindi? Baridi ya Denmark imeshaanza kuuma? Mimi figo zimechoka. Daktari hakunitajia siku, lakini mhudumu wa afya aliyekuwa akija kila Jumatatu sasa anakuja kila siku, na hanikatazi tena chumvi. Mtu aliyefundisha sayansi miaka thelathini na minne anaijua hesabu hiyo.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu nashikiwa na mdogo wako. Vidole vyangu havibonyezi tena. Yuko shambani anavuna, na atarudi saa sita kunigeuza ubavu na kunilisha uji. Mhudumu atapita saa nne, nitampa barua hii aipeleke posta. Kwa hiyo nina asubuhi hii tu. Mwandiko ukiyumba, usome polepole.

Unakumbuka mwaka ule sheria ilipolegezwa, kila nyumba ikaruhusiwa kuotesha bangi yake. Ulicheka sana kwenye simu. Sisi huku hatukushangaa. Babu yako aliificha katikati ya pilipili maisha yake yote, na bibi yako hakupika supu ya kuku bila kutia majani mawili matatu. Jipya lilikuwa kuiweka mbele ya nyumba, kila mtu aione. Nikaiotesha kwenye vyungu kando ya ngazi, mbegu za milima yetu hii, zile tunazoziita mkia wa kindi kwa jinsi ua linavyorefuka. Kila Jumapili nilipima urefu nikaandika kwenye daftari. Madume niliyang'oa mara tu yalipoonyesha vifuko vyake, kwani dume moja likiachwa hujaza mbegu maua ya mtaa mzima.

Majirani wakaanza kuja kuuliza. Mzee Somkhit, yule mwenye mashine ya kukoboa, alikuwa akisimama langoni na kupaza sauti: "Mwalimu, hao wanafunzi wako wa kwenye vyungu umeshawapa mtihani?"

"Wamefaulu wote," namjibu. "Umebaki wewe tu, tangu darasa la nne."

Nilifurahi, Wilai. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa akiniuliza kitu.

Wakati huo mama yako alikuwa kwenye kemo, zile dawa za saratani. Kila alipotoka hospitali haikuingia hata punje tumboni. Harufu ya samaki wa kuchacha, aliyemla tangu hajaota meno, ilimtapisha hadi nyongo. Buaphan alimtandikia uvunguni mwa nyumba, kati ya nguzo, kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi na kwa kuwa huko kuna hewa. Ulikuwa uamuzi wa busara. Nauandika wazi ili uusome wazi.

Siku moja akaniita. "Kaka Mwalimu, hayo majani yako ni ya kupigia picha, au yanavutika?"

"Yanavutika, lakini bado."

"Bado nini? Unangoja nife uyatie kwenye jeneza?"

"Mama!" Buaphan akamkemea. Mama yako alicheka mpaka akashika mbavu.

Mwanzoni mwa Novemba ikanyesha mvua isiyo na msimu, siku tatu mfululizo, mpunga umekatwa na umelala shambani. Kijiji kizima kilikimbiza miganda chini ya nyumba ikiwa bado imelowa, na Buaphan akafanya vivyo hivyo. Ndiyo mabua unayoyajua. Mimi nilikata bangi yangu katika mvua ile ile, kwa sababu ua likilowa siku nyingi huoza ndani huku kwa nje linapendeza. Nikaining'iniza kichwa chini katika chumba changu cha juu, nikafunga madirisha, nikawasha feni.

Ua la bangi halitaki haraka. Hukaa limening'inia gizani wiki mbili, mpaka ukikunja kitawi kinakatika badala ya kupinda. Hapo ndipo unalitia kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na kila siku unafungua kidogo lipumue, wiki tatu au nne. Lililokaa vizuri hunukia kama ganda la chungwa lililowekwa kwenye majani ya chai. Lenye maji hunuka mkojo. Haya yote niliwafundisha majirani. Niliwaambia pua ndiyo maabara ya maskini, wakacheka, wakaandika.

Maua yangu yalining'inia siku tano tu. Nilikunja kitawi, kikapinda. Lakini Buaphan alikuwa amenipigia kutoka hospitali kwamba wanarudi wiki hiyo na kwamba mama hajala siku tatu. Nikayatia chupani.

Siku ya nne nikafungua. Ilinuka mkojo. Nikaisogeza chupa dirishani, na kwenye ua moja, karibu na kikonyo, nikaona uzi mweupe, mwembamba kuliko wa buibui. Nikachukua kibano changu cha zamani cha maabara nikautoa. Nikauona wa pili, nikautoa. Nikayaanika juani saa mbili, yakakauka juu juu, harufu ikapungua. Nikajiambia jua limemaliza kazi. Mtoto yeyote niliyemfundisha angeweza kuniambia kwamba ukungu ukishaonekana kwa macho, vijimbegu vyake vimeshaenea kila mahali, na jua la saa mbili haliviui.

Mchana ule ule nilimwashia kiko cha maji, kile cha mwanzi cha babu yako. Alivuta mara mbili akafumba macho. Baada ya nusu saa akasema anataka wali wa kunata. Alifinyanga tonge mwenyewe, akalichovya kwenye pilipili ya kusaga, akala. Akafinyanga la pili. Buaphan alikwenda nyuma ya pipa la maji akalia huko, akidhani hatumsikii.

Mama yako akanitazama. "Kumbe una faida," akasema.

Alivuta kila siku mpaka katikati ya Desemba. Kisha ikaja homa, na kikohozi kikavu ambacho kilimfanya akae wima kwa kuogopa kulala.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole. Alituonyesha picha ya mapafu: madoa kama pamba iliyochambuliwa. Akasema ni kuvu, na kwamba mtu aliye kwenye kemo mwili wake hauna walinzi. Akauliza, "Nyumbani kuna chochote chenye ukungu? Nafaka, mabua, mbolea? Na mgonjwa anavuta chochote?"

Buaphan alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Analala karibu na mabua ya mpunga yaliyolowa," nikasema.

Daktari akaandika. Swali la pili hakulirudia, na mimi sikumkumbusha. Mdogo wako alinitazama, kisha akatazama sakafu. Kiko alikuwa akikijua, lakini ule uzi mweupe hakuujua, na katika nyumba yetu mwalimu akishajibu hakuna anayenyoosha mkono. Sheria ilikuwa imeruhusu, Wilai. Hapakuwa na polisi wa kuogopa. Niliogopa Somkhit na wenzake wasije wakajua.

Ulipopiga simu nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, na sauti yako iliijaza nyumba. "Umemlaza mama zizini kama nyati! Umemlisha mabua yako mpaka yakamla mapafu!"

"Dada, njoo umwone," Buaphan alikuambia.

"Mimi sina mdogo. Umesikia? Sina mdogo!"

Ngazi ile ina vidato tisa. Ningeweza kushuka nichukue simu mkononi mwake. Nilibaki nimekaa mpaka ulipokata.

Hukuja kumwona, hukuja kuuchoma mwili wake Januari ile. Kwenye sadaka ya siku mia moja tangu kifo chake, Buaphan alikutandikia mkeka mbele, karibu na watawa, na hakumruhusu mtu kuukalia. Hujui pia kwamba aliyachoma mabua yote, na tangu mwaka ule hajaingiza hata bua moja chini ya nyumba. Nyati wetu wawili hula nyasi za kando ya barabara, na anayezikata ni yeye, asubuhi na alasiri, kwa mundu. Msimu wa mavuno nimemwona akisugua mikono kwa sabuni, kisha anainusa, kisha anasugua tena. Anaamini. Alimuuguza mama yenu miezi kumi na mmoja, na anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Na mikono hiyo hiyo ndiyo inayonifuta mimi kila siku, uso, mgongo na miguu, huku ananitania: "Mjomba, wewe mzito kama gunia la chumvi, na chumvi walikunyima!" Mimi nacheka naye.

Leo akirudi nitamwambia. Nimekuandikia wewe kwanza ili barua iwe imeshaondoka kabla hajaweka mundu chini, nisipate njia ya kurudi nyuma. Sijui atafanya nini. Akitoka aniache hapa nilipo, atakuwa na haki yake. Ila naogopa zaidi kwamba hatatoka. Kwamba atanyamaza, kisha aniletee uji.

Ninachokuomba ni kimoja. Usinipigie mimi. Mpigie yeye, na usingoje nife kwanza. Mwambie una mdogo.

Mzee Somkhit anakusalimu. Amepoteza meno yote na bado hajapoteza hata neno moja. Mhudumu wa afya, ambaye ni mtoto wa mwenzako uliyesoma naye, anasema mama yake anakukumbuka. Buaphan hakunituma salamu, kwa kuwa hajui kwamba naandika, lakini kila tunapozungumza nawe kwa simu hunishikia kwa pembeni asionekane, kisha hunong'ona, "Muulize kama amenenepa. Muulize kama mtoto anaongea Kilao chetu." Yale maswali yote uliyodhani ni yangu yalikuwa yake.

Mema niliyoyatenda duniani, kama yapo, nayatoa yote yawashukie wewe na mwanao na mumeo, yawakinge na baridi na majuto.

Nilidhani nitatia sahihi hapa. Mhudumu bado hajafika, na nikiisoma barua hii naona nimeiandika kama mtu aliyeshindwa na haraka, ambaye hakuwa na kingine cha kumpa dada yake. Kilikuwepo.

Mmea mmoja ulikomaa mapema. Niliukata mwanzoni mwa Oktoba siku za jua, ukaning'inia siku kumi na sita, kitawi kikakatika kama kijiti cha kiberiti. Ulikuwa umekaa chupani karibu mwezi mzima, nao ulinukia chungwa. Chupa hiyo ilikuwa kwenye kabati langu, juu kabisa ya mahali alipolala mama yako, kati yao palikuwa na mbao za sakafu tu. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya maonyesho ya kilimo ya wilaya, na sikutaka ipungue. Nilitaka ifike mezani kwa majaji imejaa hadi shingoni. Ilifika imejaa. Walinipa nafasi ya kwanza, na nilipomwonyesha mama yako cheti alinipigia makofi akiwa amelala mkekani. Siku ile nilipomwashia kiko mara ya kwanza nilikuwa na chupa mbili, Wilai, na nilijua ipi ni ipi.

Mjomba wako, akupendaye hata sasa,

Sawai