Nilimwambia Seif Amekosea Namba

Ijumaa, Mtoni. Jua kali, ila matope ya mvua ya juzi bado hayajakauka uani.

(Nimenakili kutoka daftari langu la miaka ya tisini. Sijabadilisha kitu.)

 

Jumanne nilifanya jambo baya. Nilikuwa ofisini, bosi anaongea na mteja mkubwa wa makontena, mie nimesimama pembeni na makaratasi ya forodha. Simu ikalia. Simu yenyewe ni ya kampuni, mche wa sabuni hasa, ukiutia mfukoni shati lote linavutika upande mmoja. Bosi alinipa nifuatilie mizigo bandarini, na siku ya kunikabidhi alisema mbele ya wenzangu wote: "Rajabu, siku nikisikia shangazi yako kapiga humu, unarudi kupeleka barua kwa baiskeli."

Nikapokea. Sauti ikaja na mvumo, kama mtu anaongea ndani ya pipa.

"Braza Rajabu? Ni mie, Seif. Mama yupo?"

Bosi alikuwa ananitazama.

Nikasema, "Umekosea namba." Nikakata.

Seif ni kitinda mimba wa Bi Mwajuma, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ambaye amenifuturisha kila Ramadhani tangu mama yangu afariki. Miezi saba iliyopita Seif alizamia meli na wenzake wawili, hakumuaga mtu. Kabla ya hapo alikuwa haishi kuja kwangu kuishikashika hii simu, na namba yake aliikariri kama aya. Mwezi uliopita akaja baharia mmoja na habari kwamba vijana watatu walikamatwa ndani ya meli wakatoswa baharini. Bi Mwajuma hakuamini. Kaka yake, Mzee Shomari, aliamini, akapanga hitma isomwe leo baada ya swala ya Ijumaa.

Kwa hiyo tangu Jumanne, mtaa mzima, mie peke yangu ndiye niliyejua kwamba Seif yu hai.

Na sikusema.

Nilijiambia nitasema akipiga tena. Maana ningeanzaje? "Bi Mwajuma, mwanao alikuulizia, mie nikamfukuza"? Na asipopiga tena? Namba yake haikutokea kwenye kioo, hakuna pa kumpigia. Jumatano hakupiga. Jana nilimkuta Bi Mwajuma anachagua mchele wa hitma, nikamwamkia, nikapita na simu mfukoni. Nilipita!

Leo sikwenda kazini. Asubuhi nilipowaona wanatandika mikeka barazani kwake, miguu ikanipeleka yenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona uso hivyo?"

Nikamwambia yote, pamoja na lile neno nililolitamka. Mzee Shomari akanijia juu, akanikwida shingo ya kanzu. Bi Mwajuma hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Alikuwa anakohoa?"

Nikasema sikumsikia akikohoa.

"Basi lete hicho chombo."

Akaketi kwenye ngazi ya uani, maana ndipo mtandao unaposhika, simu mapajani, antena nimeivuta yote. Watu wakaanza kuja kutoka msikitini. Mzee Shomari akataka shehe aanze. Bi Mwajuma akasema hakianzi kitu. Shehe akatazama saa yake, akamtazama yeye, akakunja miguu akangoja. Pilau likawa linapoa.

Ikalia. Nikairukia. Kumbe bosi.

"Uko wapi wewe? Mteja yupo hapa anataka makaratasi yake."

"Bosi, naomba ukate. Nangoja mtu."

"Unangoja mtu kwenye simu yangu?"

Nikakata mie.

Saa nane ikapita, saa tisa ikaingia. Betri imebaki kijistari kimoja. Wazee wawili wakaaga. Mzee Shomari akaniambia wazi kwamba nimemuua mpwa wake mara ya pili. Sikumlaumu, nilishaanza kuamini hivyo.

Ndipo ikalia tena, na ule mvumo.

"Braza, usikate. Juzi nilikutambua sauti."

Nikampa mama yake. Aliishika juu chini, nikamgeuzia.

"Kama ni wewe kweli," akasema, "ulipougua surua nilikuwa nakuitaje?"

Jibu hatukulisikia. Tulimwona tu anacheka, kicheko cha sauti, machozi yanamwingia mdomoni, kanga imemdondoka kichwani na hajali. Waliongea labda dakika mbili. Yuko Durban, anaosha magari. Wenzake wawili nao wazima. Halafu betri ikafa, neno halijaisha.

Akasimama, akamgeukia shehe. "Someni hiyo hiyo, ila iwe ya shukrani."

Wakasoma. Mzee Shomari alisoma kwa sauti kuliko wote.

Baadaye Bi Mwajuma aliniletea sahani yangu kwa mkono wake mwenyewe. Nikadhani yamekwisha. Akainama, akaniambia taratibu, bila hasira yoyote:

"Rajabu mwanangu, la Jumanne nimekusamehe, ulikuwa mbele ya bosi wako. Jumatano na Alhamisi je? Ulikuwa mbele ya nani?"

Nikaiweka sahani chini.

Jumatatu nitamkuta bosi. Anifukuze, aichukue simu yake, hayo nitayabeba. Nisiloweza kulijibu ni hilo la Bi Mwajuma, na jingine lililozaliwa humo humo ambalo nimekaa nalo tangu alasiri:

Kama hitma ingepangwa mwezi ujao, ningenyamaza mpaka mwezi ujao?