Wanabishania Ufalme wa Mungu, Kaburi la Mume Wangu Linazama

Mpendwa Mama Ildefonsa,

Shikamoo. Naomba msaada wako kwa sababu hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananifungulia Biblia, na mimi Biblia naiheshimu lakini nimechoka. Mimi ni mjane wa hapa Ntobeye, mume wangu Telesfori alifariki mwaka jana wakati wa kuvuna maharage, tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba, pale alipokuwa akisimama asubuhi na kikombe chake cha chai, amekizungushia viganja vyote viwili kama mtu aliyeshika kifaranga, hanywi mpaka kipoe, na nikimuuliza anasema chai ni ya mikono kwanza.

Mvua zilizopita udongo wa kaburi ulididimia, upande wa kichwani pamekuwa shimo na maji yanatuama, msalaba wa mti tuliouweka siku ya mazishi umelala, na mbuzi wanapita juu. Katika ukoo wa mume wangu mjane haanzi kujenga kaburi, jiwe la kwanza huwekwa na ndugu wa marehemu au mtoto wake wa kiume, halafu ndipo padri anaalikwa kwa misa ya kuweka msalaba. Ndugu yupo na mtoto yupo, na shida yangu ni hao wawili.

Ndugu ni shemeji yangu Sostenes, zamani tulisali naye kigango kimoja, sasa anasali kwenye kanisa jipya huko Benaco ambako wanafundishwa unabii. Anasema ile sanamu ya nabii Danieli, yenye kichwa cha dhahabu na nyayo za chuma kilichochanganyika na udongo, ni falme za dunia hii, na sisi tumeshafika kwenye vidole, lile jiwe lililochongwa bila mikono ya watu liko karibu kuanguka, na ufalme wa Mungu utasimama hapa hapa duniani na waliokufa watatoka makaburini walime mashamba yao kwa amani. Kwa hiyo hataki saruji. Aliniambia, "Shemeji, unataka kumfungia kaka yangu na zege? Siku ikifika atokee wapi?"

Mtoto ni Alfonce, mzaliwa wangu wa kwanza, mwalimu wa dini huko Mbuba. Yeye anasema baba yake mdogo anapotoshwa, sanamu ya Danieli ni falme za zamani zilizokwisha kupita, jiwe ni Kristo na alishakuja, na Bwana mwenyewe alimwambia Pilato kwamba ufalme wake si wa ulimwengu huu. Nilifurahi kumsikia, nikadhani basi huyu atajenga. Akasema, "Mama, pale ni vumbi tu. Baba yuko mbinguni. Saruji ya nini?"

Basi mmoja hajengi kwa sababu Telesfori atatoka, mwingine hajengi kwa sababu Telesfori alishaondoka, na mbuzi wanapita.

Kila Jumapili baada ya sala wanakuja kwangu, nawapikia ndizi na maharage, wakishakula wanaanza. Alfonce anasema, "Baba mdogo, kama ufalme uko mlangoni, mbona umepanda miche mipya ya kahawa?" Sostenes anamjibu, "Na wewe kijana wangu, kama kwenu ni mbinguni, mbona ulipiga kelele nilipokata mgomba wako wa mpakani?" Wanacheka, wanagonga meza, wanafungua tena Danieli, mpaka jua linashuka na mimi bado naosha vyombo.

Jirani yetu Nyanda, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ambaye hasali popote, alileta mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe bila kuombwa. Alisema, "Mama, nilipokuwa mgeni hapa mzee alinionyesha pa kunyweshea ng'ombe. Nimepita nikaona analowa." Sostenes akasema mawe ya mtu wa mizimu hayawezi kulala juu ya mtu anayengoja ufalme, na Alfonce, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akakubaliana naye. Nyanda alishusha mawe kando ya banda la mbuzi, akaaga kwa adabu, akaondoka. Sasa kuku wanatagia humo.

Jumapili iliyopita nilifanya jambo ninalolionea haya. Walipofika kwenye vidole vya sanamu nilibeba sufuria yote ikiwa ya moto nikaipeleka kwa watoto wa Nyanda, na hawakujua mpaka Sostenes alipotaka kuongeza. Waliponiuliza nikasema kwa sauti kwamba sitaki ufalme wowote, wa hapa wala wa huko. Tangu siku hiyo nikisali Baba Yetu, nikifika "ufalme wako ufike" sauti inakatika.

Niambie nani anasema kweli, nimtafute mume wangu juu au nimtafute chini? Na huko, popote palipo, atanijua? Mbele za watu aliniita Mama Alfonce, tukiwa wawili aliniita Eufrazia, na tangu afe hakuna anayeniita hivyo. Ndiyo maana nakuruhusu ulisome jina langu redioni.

Eufrazia, Ntobeye

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Pole nimeshakupa, sasa nikugombeze. Ufalme huo watu wameubishania tangu kabla bibi zetu hawajazaliwa, na wewe unataka niumalize kabla ya taarifa ya habari? Siumalizi. Na hata kama ningeumaliza, kesho shimo lingekuwa pale pale. Kaburi hilo halizamishwi na nabii Danieli. Linazamishwa na mvua, na wanaume wawili wazima waliopata mahali pa kula Jumapili. Na anayewapikia ni nani? Ni wewe! Ukipakua ndizi kila wiki kwa watu wasioshika hata jembe, unategemea washike nini zaidi ya kijiko?

Kuhamisha sufuria si dhambi. Umechelewa tu kuihamisha.

Sostenes, kama redio iko karibu nawe, nisikilize. Unamjua Yosefu wa Arimathaya? Injili inasema alikuwa mtu aliyeutazamia ufalme wa Mungu, kama wewe. Alifanya nini? Hakukaa mezani kuhesabu vidole. Alikwenda kwa Pilato, akaomba mwili wa Bwana, akaufunga sanda, akaulaza kaburini, akavingirisha jiwe mlangoni. Jiwe kubwa! Je, lilimzuia Bwana kutoka? Basi na saruji ya Ntobeye haitamshinda. Jiwe la Danieli lilichongwa bila mikono ya watu, hilo mwachie Mungu. Yale yaliyo kando ya banda la mbuzi yanangoja mikono yako.

Na wewe Alfonce, mwalimu wa dini mzima, unamwambia mama yako pale ni vumbi tu? Vumbi hilo lilikubeba mabegani. Wale wanawake walikaa kutazama mahali Bwana alipolazwa, na sijasoma mahali popote kwamba kuna aliyewaambia waache vumbi waende nyumbani.

Eufrazia, sikiliza utakavyofanya. Kwanza nenda kwa Nyanda ukamwombe radhi kwa niaba ya nyumba yako, umwalike. Jumapili hii usiwashe moto. Wageni wako wakifika wakute majembe mlangoni na mchanga umeshasogezwa. Waambie wajaze shimo kwanza, kisha Sostenes aweke jiwe la kwanza kama ukoo wenu unavyotaka, Alfonce achanganye saruji, na wabishane kadiri wanavyotaka huku migongo imeinama. Jiwe likishakaa, ndipo uinjike ndizi. Wakikataa, mwite mwenyekiti wa kigango awe shahidi, jiwe la kwanza uliweke wewe na Nyanda akusaidie. Mila hiyo iliwekwa ili mjane asibebe mawe peke yake. Haikuwekwa ili akae akitazama mbuzi. Padri mwalike mapema, usingoje waelewane, maana hawataelewana.

Baba Yetu isali, hata kwa hasira. Ulipokatikia, maneno yanayofuata ni "utakalo lifanyike duniani kama mbinguni". Duniani pamo na mbinguni pamo. Hakuna aliyekutaka uchague kimoja.

Umeuliza kama atakujua. Mimi si nabii, nina kitu kimoja tu cha kukupa. Asubuhi ile ya ufufuko Maria Magdalena alikuwa analia kaburini, na Bwana hakuanza kumfundisha habari za falme. Alimwita kwa jina lake, Maria, na hapo hapo akamtambua. Kwa hiyo jenga kaburi, dada. Kisha asubuhi simama hapo na kikombe chako cha chai, ukishike kwa mikono miwili mpaka kipoe, na usimwonee haya mtu yeyote. Siku ukiitwa, hutaitwa Mama Alfonce. Utaitwa Eufrazia.

Jumapili, moto usiwashwe kabla ya jiwe.